Sauti Ndogo ya Siwema

Katika mji ule asubuhi haikuja yenyewe, ilitangazwa. Msemaji wa Mji alipanda jukwaani pale uwanjani akasema kumekucha, basi kukawa kumekucha, watu wakafungua madirisha hata kama giza halijaondoka. Siku akiwa na mafua, mji mzima ulibaki kitandani, watu wakitazamana, jua limeshaingia mpaka mvunguni. Miaka nayo ilitangazwa vivyo hivyo. Kuna mwaka mmoja Msemaji aliupenda mno, akautangaza tena na tena, na ndiyo sababu ukimuuliza Siwema umri wake angecheka kidogo kisha akaangalia pembeni. Angejuaje? Alikuwa ameishi mwaka uleule mpaka ukachakaa.

Alichokijua ni kwamba amechoka. Hilo alilijua vizuri kuliko alivyojua jina lake. Uchovu ulianzia magotini, ukapanda kiunoni, ukafika kooni, na kooni ndipo ulipojenga kabisa, kwa kuwa kazi ya Siwema ilikuwa kazi ya koo. Alikuwa msemeaji wa Tunu, mjukuu wake.

Mambo haya yanataka maelezo kidogo, ingawa huenda kwenu pia yapo. Mgeni anaingia, anamwinamia mtoto mchanga, anasema hujambo mtoto mzuri, na mama anajibu kwa sauti nyembamba aliyoibana puani: sijambo, shikamoo, mimi nimeshakunywa uji. Watu wanacheka, mgeni anakaa, mchezo unakwisha. Katika mji ule mchezo haukwisha. Mtoto akizaliwa alifungwa utepe mwekundu mkononi, na ncha ya pili ikafungwa mkononi mwa mtu mzima wa kumsemea. Mtu huyo aliikunja sauti yake akaitupa huko, akabaki na ile ndogo. Watu wakimsalimu mtoto, alijibu yeye. Wakimwuliza mtoto anaumwa wapi, alitaja yeye. Na tangu utepe ufungwe mpaka ukatwe, hakuruhusiwa kuwa na neno lake mwenyewe ila la kumfunza mtoto, wala hakuna aliyemwuliza lolote, maana ungemwulizaje mtu ambaye hayupo?

Kulikuwa na sababu, au watu walisema ipo. Mji ule uliogopa ukimya. Uliuita pengo. Walisema pengo likiachwa kati ya swali na jibu, kitu kinaweza kuingia, na kikishaingia hakitoki. Kitu gani, hakuna aliyekijua, na huko kutokujua kuliwatisha kuliko kitu chenyewe. Kwa hiyo nyumba zote zilikuwa na kelele. Ukipita dirishani kwa Siwema ungedhani mna harusi.

"Tunu, hiki nini?"

"Kijiko, bibi!"

"Hodari wangu. Na hii?"

"Sufuria!"

"Nani kampa Tunu akili hizi?"

"Bibi yangu!"

Ukichungulia ungemwona Siwema peke yake, jasho linamtoka, akiuliza kwa sauti ya bibi na kujibu kwa sauti ndogo, na Tunu amekaa mkekani anamtazama midomo, kwa utulivu wa mtu aliyekuja kuangalia ngoma isiyomhusu. Siwema alikuwa stadi. Alifundishwa na mavyaa wake, mama wa mumewe, aliyesifika mji mzima kwa sauti ndogo tamu, na wengine walisema mwanafunzi amempita mwalimu. Jibu lake lilitoka kabla macho ya mtoto hayajafika kwenye kijiko. Hakuacha pengo hata la kupitisha sindano.

Na Tunu hakusema. Meno alikuwa nayo, mezani alipanda, ukimtuma kiatu alileta kiatu. Alicheka kwa sauti, alilia kwa sauti zaidi. Mdomo mzima, masikio mazima, neno hakuna.

Ingekuwa jambo la kungojea tu kama si Siku ya Kusikilizwa. Msemaji akishaitangaza, watoto wa rika lile hupelekwa uwanjani, na kila mmoja huulizwa swali moja: umeshiba? Mtoto akijibu mwenyewe, neno lolote alilotaka, utepe hukatwa na sauti ni yake maisha. Asipojibu, ncha iliyo mkononi mwa msemeaji hufunguliwa na kufungwa kwenye nguzo ya hema la Msemaji. Kuanzia hapo Msemaji ndiye humsemea, mpaka afe. Watu hao waliitwa wasemewa. Walikuwa wengi, na kila mwaka, hata ule uliorudiwa, walizidi. Hawakupigwa. Walishika nguzo za hema kwa zamu, zamu ikiisha wakafunguliwa waende nyumbani, na ukiwauliza hali, Msemaji alisema hawajambo.

Hidaya, mama yake Tunu, alikuwa mmoja wao. Yule mavyaa aliyesifika ndiye aliyemsemea Hidaya, kwa sauti tamu mno, na Hidaya akaenda uwanjani akaulizwa, akamgeukia bibi yake amjibie. Alipokua, kila jioni alirudi nyumbani, akapika, akala, akalala. Alipopata mimba Msemaji alitangaza kwamba amefurahi. Alipojifungua, Msemaji alitangaza kwamba hakuumia. Siwema alikuwa amemshika mkono mwanawe usiku ule, na alikuwa na maoni mengine kuhusu hilo, lakini tayari walikuwa wamemfunga yeye utepe wa Tunu.

Basi hofu ya Siwema ilikuwa hiyo tu, na ilikuwa kubwa kumzidi: kwamba Tunu atasimama chini ya hema karibu na mama yake, mkono kwenye nguzo, na watu wawili aliowapenda watarudi nyumbani jioni wakiwa wameshasemewa kila kitu.

Mashavu, jirani yake, alikuwa na dawa. Mashavu alikaanga vitumbua kwenye kibaraza chake, na kwa kusema alikuwa hana mpinzani. Alisema na wateja, alisema na mafuta, mteja akikosekana alikisema kitumbua. Kila alipopita Siwema na utepe wake, Mashavu alisogeza sahani.

"Mpe mtoto makombo yangu," alisema. "Mtoto mzito wa kusema hulishwa makombo ya mtu mwenye mdomo. Mimi ndiyo huyu. Tunu, mama, hujambo?"

"Sijambo, shikamoo bi Mashavu!" alijibu Siwema kwa sauti ndogo.

"Marahaba mwanangu. Umelala salama?"

"Salama! Niliota paka!"

"Kumbe. Na leo unakwenda wapi?"

"Nakwenda kisimani na bibi!"

"Mchangamfu huyu," alisema Mashavu, akimpa Tunu kipande kilichoumwa. "Anajibu vizuri mno, sijui kwa nini hasemi."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyeona cha kuchekesha. Siwema naye hakuona. Alikuwa ameinama kwa uzito wa ndoo, na kiuno kilimwambia jambo ambalo hakuwa na ruhusa ya kulirudia. Mashavu hakumtazama. Alimtazama Tunu, kama sheria inavyotaka.

Akiosha vyombo nyumbani ndipo Siwema alipojisikia akiongea ndani, bila kujua kwa sauti ipi.

Mimi nimeshiba. Mimi nani? Mimi Tunu. Na huyu anayeosha? Huyu ni mikono, mikono haina haja ya kusema. Nilikuwa na sauti nene, niliimbia nayo nikitwanga, jirani walilalamika. Niliiweka wapi? Juu ya kabati? Mtu akisema mimi mara nyingi kwa niaba ya mwingine, mimi yake mwenyewe inakwenda kukaa wapi? Nikiangalia humu kwenye maji naona uso wa mtoto. Nikipepesa, naona uso wa Hidaya alipokuwa mtoto. Nikipepesa tena, mavyaa. Wa kwangu unakuja mwisho, na haukai. Na Msemaji je? Anausemea Mji. Lakini Mji wenyewe uliwahi kusema nini, na nani alikuwepo akausikia? Jana, au ilikuwa mwaka ule uliorudiwa, nilisimama karibu na jukwaa nikamsikiliza vizuri. Anabana pua. Naapa. Yule mtu mzima vile, shati limepigwa pasi, anapotangaza kwamba Mji umefurahi anabana pua kama mimi. Sauti ile si yake na si ya Mji. Basi ni ya nani hii inayotuongoza wote, sauti ambayo hakuna aliyezaliwa nayo?

Alisuuza sahani ya mwisho, akaifuta, akaisuuza tena kwa sababu alisahau kwamba ameshaisuuza.

Msemaji akatangaza kwamba kesho ni Siku ya Kusikilizwa. Alitangaza bila onyo, kama alivyozoea. Siwema alirudi nyumbani na Tunu mgongoni, akafunga mlango, akaamua kwamba mchana ule hatapumzika. Atasema mpaka jua lizame. Alitaja kila kilichomo ndani: mlango, mkeka, kinu, mchi, kibao cha mbuzi, chumvi, mwiko, kamba, na vyote akavijibia. Alivitaja mpaka vikaanza kuonekana vigeni, mpaka hakuwa na hakika kwamba mwiko ni mwiko au ni kitu tu kilichokubali kuitwa hivyo kwa woga. Koo liliwaka. Sauti ndogo ikakwaruza, ikakatika katikati ya neno ufagio, na haikurudi.

Akakaa chini. Akavuta ungo wa kunde akaanza kuchambua, kwa kuwa mikono haikujua kukaa bure. Alitaka kuogopa. Lilikuwa pengo, limefunguka katikati ya nyumba yake, pana la kupita ng'ombe, na kitu chochote kingeweza kuingia. Lakini kuogopa nako kunataka nguvu, na yeye hakuwa nazo. Alichambua. Kunde mbovu huku, nzima huku. Alisikia vitu ambavyo hakuvisikia kwa miaka: maji yakitona kwenye mtungi, mbawa za kuku nje, pumzi ya mtoto.

Tunu akasogea. Akatia mkono kwenye ungo, akachukua kunde moja, akaiangalia. Akamwangalia bibi yake. Alimwangalia machoni, si midomoni, na alimwangalia muda mrefu, kama mtu aliyegonga hodi mlango ambao daima hufunguliwa kabla hajagonga na leo haufunguliwi. Kisha midomo yake ikakutana. Ikafunguka. "Ba," alisema Tunu.

Na Siwema, mpumbavu wa mazoea, akaruka. Sauti aliyodhani imekwisha ilitoka yenyewe, nyembamba, tayari: "Bibi, nipe maji!"

Tunu akafunga mdomo. Akairudisha kunde kwenye ungo. Akatazama midomo ya bibi yake, ametulia, kama kawaida.

Siwema alibaki na mkono hewani. Alikuwa ameona, waziwazi, ni nani aliyesimama mlangoni siku zote hizi. Si kwamba mtoto hakuwa na neno. Kila neno lilipofika mlangoni lilimkuta bibi ameshatoka nalo. Na alipolijua hilo, kitu kilichomuuma zaidi ni kwamba alifanya yote kwa mapenzi, na kwa bidii, na kwa kusifiwa. Akalia basi, kwa sauti iliyokauka, na Tunu akampangusa kwa kiganja chenye vumbi la kunde.

Uwanjani kulikuwa na watu wengi na joto. Hema la Msemaji lilikuwa kubwa, na kila nguzo ilishikwa na msemewa, nguzo na mikono vimefungwa tepe nyekundu zilizopauka. Hidaya alikuwa kwenye nguzo ya kona. Alimwona mama yake, akamwona mwanawe, uso wake haukubadilika. Kando alikaa bibi mmoja mwenye mkasi, ambaye kazi yake ilikuwa kukata tepe. Mkasi ulikuwa umeshika kutu, kwa kukosa shughuli.

"Mji umeshiba?" aliuliza Msemaji.

"Tumeshiba, ahsante!" akajibu Msemaji, kwa sauti ndogo.

Watu wakapiga makofi. Watoto wakaanza kuitwa. Wa kwanza aliulizwa, akamgeukia msemeaji wake. Utepe ukafunguliwa, ukafungwa kwenye nguzo. Wa pili hivyohivyo. Wasemeaji walirudi mikono mitupu, wakijisugua vifundo. Mmoja alifungua mdomo aseme jambo, akakuta hana sauti ya kulisemea, akaufunga.

"Tunu wa Hidaya," akaita Msemaji. Akatabasamu. "Mtoto mzuri. Umeshiba?"

Siwema alisikia jibu likimjia. Lilipanda kooni lenyewe, tamu, limeiva, nimeshiba babu ahsante, na lilikuwa na nguvu kuliko yeye. Akashika pindo la khanga yake akalitia mdomoni akaling'ata. Watu wakaona. Mnong'ono ukapita, kisha nao ukafa, na pengo likafunguka juu ya uwanja mzima. Baba mmoja alimfunika mwanawe masikio. Wengine waliangalia juu, wakingoja hicho kitu kishuke.

"Msemeaji," akasema Msemaji, "fanya kazi yako."

Siwema akang'ata. Alimtazama Hidaya kule konani, akatazama mkono wa Hidaya juu ya nguzo, akajua kwamba akingojea halafu mtoto asiseme, atakuwa amempoteza mbele ya macho yake mwenyewe, na hatakuwa na wa kumlaumu. Hata hivyo alingoja. Labda ulikuwa ujasiri. Labda ulikuwa uchovu tu, umefika mahali ambapo mtu hawezi tena kumsaidia mwingine kwa kumnyang'anya.

Tunu alimtazama bibi yake midomo. Midomo ilikuwa imejaa khanga. Akapandisha macho mpaka machoni. Akamgeukia Msemaji, akamwangalia shati, akamwangalia kidevu. Alikuwa ametolewa nyumbani kabla ya uji.

"Bado," alisema Tunu.

Neno halikuwa na utamu wowote. Lilikuwa nene kidogo, halina chochote cha puani, lilitoka kifuani. Siwema hakuwahi kuisikia sauti ile wala hakuwahi kuiiga, na papo hapo akaona jinsi sauti yake ndogo ya miaka yote ile ilivyokuwa haifanani nayo hata kidogo.

Msemaji akacheka. "Mtoto anasema bado anashukuru," aliutangazia uwanja.

"Bado," alisema Tunu tena, safari hii kwa hasira, kama mtoto yeyote aliyeomba uji akapewa hotuba.

"Anamaanisha..." Msemaji akamgeukia Siwema. Sauti yake ikashuka. Ikawa nene ghafla, ya mtu wa kawaida, na ndani yake mlikuwa na uchovu ambao Siwema aliutambua kama anavyotambua mkono wake. "Msemeaji. Nisaidie. Amesema nini?"

Siwema akatoa khanga mdomoni.

"Muulize mwenyewe," alisema.

Msemaji hakumwuliza. Angelazimika kuinama, na pengine hakuwa amejifunza. Alisimama pale akitafuta la kutangaza, na alipokuwa akilitafuta, upande mmoja wa hema ukashuka. Hidaya alikuwa ameachia nguzo. Midomo yake ilikutana, ikafunguka, ikakutana tena, kama mtu anayeonja chumvi, na jua likampiga Msemaji usoni.

Bibi wa mkasi alimtazama Msemaji, akamtazama mtoto. Akajiinua, akaja akijikongoja, akakata utepe. Kutu ilimsumbua; ilibidi akate mara mbili.

Hakuna aliyewasindikiza. Nyuma yao mtoto mwingine aliitwa, swali likaulizwa, na pengo lililofuata lilikuwa refu kuliko lilivyozoeleka. Siwema hakugeuka kutazama. Alikuwa amembeba Tunu kiunoni, na mkono wake usio na utepe ulikuwa mwepesi kiasi cha kumsumbua, hakujua auweke wapi.

Mashavu alikuwa kibarazani kwake, mafuta yamechemka, habari bado hazijamfikia.

"Tunu, mama," aliita. "Hujambo?"

Mdomo wa Siwema ukafunguka. Akauwahi, akaufunga. Akamhamishia mtoto kiuno cha pili, akangoja. Mashavu akakunja uso, akageuza kitumbua, akangoja naye, na kwa Mashavu kule kungoja kulikuwa kazi ngumu, ungeona jinsi shingo ilivyomvimba. Kuku alipita. Mafuta yalilia. Tunu aliangalia sahani, akaangalia moto, akaangalia sahani.

"Jambo," alisema.

Mwiko ulimwanguka Mashavu. Hakuuokota. Alimtazama mtoto, kisha polepole, kama mtu anayehamisha taa, akapandisha macho akamtazama Siwema usoni. Alikuwa hajamtazama hivyo tangu utepe ufungwe. Akaona mvi ambazo hakuzijua, na midomo iliyopasuka.

"Na wewe, mwenzangu?" aliuliza. "Wewe hujambo?"

Siwema alitafuta. Sauti ndogo ilikuja kwanza, akaisukuma pembeni. Ya mavyaa ikaja, akaisukuma. Chini kabisa, chini ya kinu na mchi na nyimbo zilizolalamikiwa, aligusa kitu kizito kilichojaa vumbi, akakivuta, kikaja kwa shida. Mashavu alingoja. Tunu naye alingoja, akimwangalia bibi yake machoni.

"Nimechoka," alisema Siwema.

Mashavu akasogeza sahani, akasogea mwenyewe, akapiga kofi nafasi iliyobaki kwenye benchi.

"Basi kaa," alisema.